Mwanamke wa Kwenye Shairi

Fundi wa kufuli alikuwa na sifa mbili mtaani: hakuna mlango uliomshinda, na wanawake aliwajua ndani nje. Hii ya pili aliipata kwenye chama cha washairi, ambako kila Jumamosi mtu hupanda jukwaani akasema kwa sauti ya mtu mwingine, kana kwamba ndiye. Yeye alijivika nafsi ya mke wake. Wenzake wakambandika jina, Malenga wa Wake, naye jamani, kichwa kikavimba!

Siku ya siku akamleta mke mwenyewe, akamkalisha mstari wa mbele. Akakohoa, akalegeza sauti:

Mkeo nakungojea, na taa sijaizima,
Chai nimekuwekea, ukumbini nasimama.

Makofi yakapigwa hadi basi. Kinamama wakapangusa macho. Mke mikono yake aliiacha mapajani.

Walipofika nyumbani, hata viatu hajavua, mke akauliza, "Baba watoto, huyo mwanamke ni nani?"

"Si ni wewe!"

"Mimi?" Alikuwa mwokaji mikate, kazini huingia kabla jogoo hajawika, na jioni hulala na kuku. "Lini nimekungojea na taa, mimi? Na chai ya nyumba hii anapika nani?"

"Mimi," fundi akakiri.

"Ehee. Basi yuko anayekupikia kwingine."

Fundi aliapa kwa kila kinachoapiwa, wapi! Kesho yake akaitwa kaka wa mke, dereva wa lori, aje aamue. Alilikuta begi la dada yake limeshafungwa, liko sebuleni. Akasomewa shairi zima, akajikuna kisogo.

"Shemeji, mashairi mimi siyajui. Nijibu moja tu. Huyu mtu yupo, au umemtunga?"

Fundi akashusha pumzi. Kumbe pa kutokea papo, tena peupe!

"Nimemtunga, haki ya Mungu! Utosi hadi unyayo. Nilikaa dukani nikawaza mke huwa anafikiri nini, nikajaza mwenyewe."

"Hukumuuliza hata siku moja?"

"Nimuulize nini tena? Ningekuwa malenga gani?"

Shemeji akaangua kicheko. "Dada, yamekwisha! Mumeo hana mtu, ana domo tu. Fungua begi." Fundi naye akacheka, meno yote nje, amepona.

Mke ndipo alipolia. Usiku kucha, na wivu wake wote, hakuwa ametoa chozi. Sasa machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Afadhali angekuwepo," alisema. "Yeye angalau ungekuwa umemtazama."

Akainama, akachukua begi.