Ukuta Haukai Eda

Rangi ile haikuuzwa dukani. Marehemu mume wangu, Tofiki, aliichanganya mwenyewe uani: ndoo kubwa ya njano, kahawia, na nyeusi kidogo kidogo kwa kijiko cha chai, mpaka ikatoka dhahabu iliyokolea, isiyong'aa, kama bangili ya bibi isiyosafishwa miaka. Alikuwa ameiona kwenye simu, sebule ya jamaa zake wa Maskati.

"Sebule itakuwa giza," nikamwambia.

"Subiri jua la alasiri lipige, Sihaba."

Jua likapiga, nikakubali. Nyuma ya mlango aliacha alama ya kiganja, maana aliegemea kabla rangi haijakauka. Nikamkataza kuifuta. Wiki sita baadaye presha ikamchukua.

Siku ya tisa ya eda akaja wifi yangu Bimkubwa, dada yake mkubwa Tofiki, kutoka Kiegeani. Alisimama katikati ya sebule akazungusha macho.

"Wifi, hapa ndipo unapokalia eda?"

"Hapa."

"Umevua bangili, umevua hereni, halafu unakaa ndani ya dhahabu. Hili si pambo?"

Mjane havai dhahabu, hajifukizi udi, hayo nayajua tangu utoto. Ya ukuta sikuwahi kuyasikia, lakini nilikuwa na siku tisa tu za ujane, na kila mtu alionekana kujua kunizidi. Nikasema afanye anavyoona sawa. Neno hilo sijajisamehe mpaka leo.

Kesho yake akaleta mafundi. Wakakwangua, wakapiga msasa, wakapaka chokaa mara mbili. Niliwaomba waache nyuma ya mlango. Bimkubwa akasema pambo ni pambo, hata likiwa dogo. Rangi iliyobaki, karibu nusu ndoo, akaondoka nayo, eti isinitie majaribuni.

Nikakaa eda kwenye weupe. Mwezi wa tatu wa eda, kwa kuchelewa kwangu, ndipo nilipompigia simu maalim Suleimani, aliyenisomesha madrasa, nikamuuliza.

"Eda unakaa wewe, mwanangu," akasema. "Ukuta haukai eda."

Siku hiyo sikumlilia Tofiki. Niliulilia ujinga wangu.

Eda ilipoisha, safari yangu ya kwanza ilikuwa Kiegeani. Nilitaka ile nusu ndoo tu, nipake hata ukuta mmoja. Nikapiga hodi, nikavua viatu, nikaingia.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Sikukaa. Ukuta mzima wa mbele wa sebule yake ulikuwa wa dhahabu ile ile.

"Tofiki aliichanganya kwa ajili yangu," nikasema.

Bimkubwa hakushtuka wala hakuona haya. Aliendelea kumimina chai.

"Alikuwa mdogo wangu kabla hajawa mume wako."

Jua la alasiri likaingia dirishani likaupiga ukuta, ukapendeza vile vile alivyosema Tofiki. Nilimchukia yule mwanamke nikiwa namtazama usoni, na akajua. Kisha nikaenda kuangalia nyuma ya mlango wake. Palikuwa pamepakwa vizuri, safi, hapana alama yoyote.