Dakika Ishirini Mezani

Maabarani waliniita Mikono, na mwanzoni nililipenda jina hilo. Nilipoanza kulichukia lilikuwa limeshaniganda.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Hindi likivunwa siku ya kumi na moja tangu lichavushwe, punje zake bado ni maziwa matupu. Unakata kichwa cha punje kwa kisu kidogo, unachokoa kiinitete, ambacho ni kidogo kuliko punje ya mchele, unakitia kwenye maji yenye bakteria waliobebeshwa jeni unayoitaka. Bakteria wakipenda, wanaiingiza ndani. Wasipopenda, umepoteza siku. Baada ya siku tano unavimulika viinitete kwa taa maalumu: vilivyopokea jeni vinang'aa vyekundu, vingine vinabaki vyeupe vile vile. Tulikuwa tunatafuta mahindi ya kustahimili ukame, lakini kwanza tulitakiwa kupata njia ambayo mtu yeyote angeweza kuifuata akafaulu. Yetu ilimkubali mtu mmoja tu. Katika viinitete mia, mimi nilipata vyekundu kumi na vinne. Wenzangu walipata viwili, wakibahatika vitatu.

Profesa, mkuu wetu, akaamua kwamba siri ni mikono yangu. Hapo ndipo nilipofungwa.

Maana wakati huo mama yangu alikuwa anapoteza macho. Presha ya macho ilimfungia dunia kuanzia pembeni, kidogo kidogo, mpaka akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Aliishi na mdogo wangu, safari ya siku mbili kutoka kazini kwangu. Nilitaka kitu kimoja tu: nifike angali ananiona. Karibu na nyumbani tulikuwa na kituo kidogo cha mbegu, na nafasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni sahihi ya Profesa kwenye fomu ya uhamisho. Kuacha kazi nisingethubutu, kwa kuwa matone ya macho ya mama yalilipiwa na bima yangu. Likizo yangu ilifutwa mara mbili, eti mahindi hayasubiri.

“Siku mtu mwingine atakapopata kumi katika mia, nasaini hapo hapo,” Profesa alisema kikaoni, mbele ya watu wote. Fomu akaisukumia ndani ya droo.

Nikapewa wa kumfundisha, binti mmoja mwenye bidii aliyetoka chuoni, naye alikuwepo kikaoni siku ile. Tulimwita Kasuku kwa sababu alisoma maelekezo kwa sauti, na alichokisikia hakukisahau. “Toa mahindi kwenye friji. Yafute kwa spiriti. Anza kukata.” Anatoa, anafuta, anakata. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, naapa. Anapata viwili. Nilimfokea, nikambembeleza, nikamshika kiwiko kama mtoto anayefundishwa kuandika. Viwili. Siku moja alilia ndani ya barakoa yake, nami badala ya kumhurumia nikajisemea kwamba huyu ndiye komeo la mlango wangu. Sijivunii wazo hilo.

Kila asubuhi nilitoa mahindi yangu kwenye friji, nikayapanga mezani, kisha nikatoka koridoni kumpigia mama. Ilinibidi nimpigie kabla ya kuvaa glavu, kwani ukishazivaa hushiki simu mpaka mchana.

“Leo nimekiona kikombe, mwanangu,” alikuwa akiniambia. “Mkono wake sikuuona.”

“Na uso wa mdogo wangu?”

“Pua ninayo. Masikio kayaficha wapi, sijui.”

Tunacheka. Ananiuliza naja lini, nasema karibuni, ananisema weee mpaka anachoka, tunaagana. Nikirudi ndani nakuta Kasuku ameshamaliza hindi lake la kwanza.

Kisha Jumatatu moja mama hakupokea. Jumanne pia. Nikampigia mdogo wangu, akaniambia mama amelala. Kesho yake, mama yuko bafuni. Nikajua kanichoka. Amechoka na “karibuni” zangu, na haki anayo. Nikawa napiga mara moja, simu inaita mpaka inakata, narudi ndani kukata mahindi.

Wiki iliyofuata nilivimulika viinitete vyangu nikapata vitatu. Nikadhani taa ni mbovu. Wiki nyingine, viwili. Profesa akaniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe.

“Unaniharibia makusudi,” alisema. “Unadhani ukishindwa nitakuachia.”

“Profesa, mimi mwenyewe sielewi.”

“Basi utakaa hapa mpaka uelewe.”

Nikarudi maabarani. Nilipokuwa naweza walininyima ruhusa kwa sababu naweza, na sasa nimeshindwa, wananinyima kwa sababu nimeshindwa. Nikakaa kwenye kiti changu mbele ya hadubini, nikaitazama ile mikono yao ya dhahabu, nikatamani kuivua niwaachie kwenye trei nijiendee zangu.

Jibu nililipata Jumanne moja, nilipomulika visahani vya Alhamisi iliyopita. Vyekundu kumi na vitatu. Nikavihesabu tena nikimwita Kasuku ashuhudie. Siku moja tu katika wiki tatu! Nilifanya nini Alhamisi? Nikafungua daftari la kazi: bakteria wale wale, mahindi ya shamba lile lile, kisu kile kile. Kisha nikakumbuka kwamba Alhamisi niligombana. Mdogo wangu alinipigia asubuhi kuniomba nisiwasumbue na simu, nami nikamwaga yote niliyokuwa nayo moyoni, pale koridoni, wapita njia wakinitazama. Nikaiangalia simu. Tulizungumza dakika ishirini na moja.

Nikaiweka simu kando ya daftari nikalinganisha tarehe, miezi minane nyuma. Kila nilipoongea kwa muda mrefu, viinitete viling'aa. Siku chache ambazo mama alikuwa na haraka, vilipungua. Mikono haikuhusika hata kidogo. Mahindi yangu yalikuwa yanakaa mezani yakitoka baridi ya friji wakati mimi nachekeshwa na mama. Kasuku, maskini, alitii maelekezo, akayakata yakiwa baridi kama barafu. Na maelekezo hayo niliyaandika mimi. Simu ya mama sikuiandika, nani angeiandika?

“Kaa,” nilimwambia Kasuku kesho yake. “Mahindi sita kata sasa hivi. Sita yaache mezani dakika ishirini.”

“Yanangoja nini, dada?”

“We yaache tu.”

Siku ya tano tukamulika. Yaliyokatwa baridi, viwili katika mia. Yaliyongoja, kumi na viwili. Kasuku alinirukia shingoni nusura tuangushe visahani.

Profesa aliyasoma matokeo mara mbili, akavua miwani.

“Miezi minane tunashindwa kwa sababu ya friji?”

“Friji na haraka, Profesa.”

Akatabasamu. “Sasa ndiyo siwezi kukuachia kabisa. Kichwa kama hiki nakitoa wapi?”

Yaani ameshaiachia mikono, ameshika kichwa. Nilitaka kupiga kelele. Lakini Kasuku, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na daftari kifuani, alijikohoza akasema kwa sauti ile ile ya kusomea maelekezo:

“‘Siku mtu mwingine atakapopata kumi katika mia, nasaini hapo hapo.’ Mimi nimepata kumi na viwili, Profesa.”

Profesa akafungua droo, akasaini.

Nilimpigia mdogo wangu pale pale, kando ya meza ya mahindi.

“Mwambie mama nakuja. Kesho kutwa atahesabu pua mbili.”

Hakucheka. “Dada, mama haoni kitu. Tangu ile Jumatatu. Alikataa uambiwe, alisema ungeacha kazi. Na ungemsikia sauti tu, ungejua.”

Nikaegemea meza. Ile Jumatatu. Kumbe kile kimya cha simu, kilichonionyesha siri ya friji kikanifungulia mlango, kilikuwa cha mama kupofuka. Nikasikia simu inapokonywa.

“Usilie,” mama alisema. “Mimi nimeshalia zamu ya wote. Sasa kuona ni kazi yako. Niambie, unaona nini hapo ulipo?”

Nikafuta uso kwa mkono wa koti. Nikamwambia naona meza ya chuma. Naona mahindi kumi na mawili yaliyomenywa, meupe, yana jasho la friji. Naona saa ya ukutani, na binti mmoja amekaa kimya, kisu hajakishika.

“Anasubiri nini?”

“Anasubiri tumalize kuongea, mama.”