Mkono wa Kulia wa Rajabu

Mwaka wa pili baada ya vita vya Maji Maji kutulia, watu wa Chilangala walikubaliana kuwatoa wari wao kwa ngoma. Wakati wa vita unyago ulikuwa umesimama. Njaa iliingia, na ngoma ziliungua pamoja na nyumba. Sasa mtama ulikuwapo vihengeni, na miongoni mwa wari alikuwamo Adija, binti wa Rajabu na Sikuzani.

Zamani Rajabu ndiye aliyepiga ngoma kubwa. Askari wa Mdachi walimchukua kubeba mizigo hadi Masasi, na njiani risasi ikamvunja kifundo cha mkono wa kulia. Alirudi hai, lakini vidole vilikauka. Hata ngoma mpya ilipokuwa ikichongwa, alizunguka njia ya mbali asisikie mlio wa tezo.

Asubuhi ya siku ile Sikuzani alimwambia, "Baba Adija, leo mtoto anatoka."

"Nitamwona akirudi nyumbani."

"Atakutafuta uwanjani."

Baadaye Rajabu alijifunga shuka safi, akamfuata mkewe nyuma nyuma.

Uwanja ulijaa. Watu wa kijiji jirani cha Makote walikuja na ngoma zao ndogo. Wari wakatoka, miili inang'aa mafuta, wamejaa shanga. Kisha lipiko akachomoza kutoka kichakani, mchezaji aliyefunikwa nguo mwili mzima na kinyago cha mti usoni, njuga zikilia kiunoni. Watoto wakatawanyika, huku wanacheka, huku wanalia.

Ngoma za Makote zikaanza. Lipiko akapiga hatua mbili, akasimama. Wakabadilisha mdundo, akasimama tena. Haukuwa mdundo wake.

Sadallah, kiongozi wa wapigaji wa Makote, akamwendea Rajabu. "Shikamoo, kaka. Mdundo wa lipiko huyu unao wewe."

"Marahaba. Nilikuwa nao. Unataka mikono miwili."

"Wa pili ninao mimi," Sikuzani alisema. "Ulipokuwa ukijifundisha uani, mimi nilikuwa natwanga. Nilitwanga kwa mdundo huohuo."

Minong'ono ikazagaa. Mwanamke kwenye ngoma ya lipiko? Sadallah aliwatazama wazee, wazee wakatazama chini. Basi akaiburuta ngoma kubwa, akaisimamisha katikati ya mume na mke.

"Mimi naona mpigaji mmoja," alisema.

Walianza vibaya. Mkono wa Sikuzani ulitangulia, watu wakaangua kicheko.

"Usikimbie," Rajabu alimnong'oneza. "Sikiliza ninavyopumua."

Sikuzani akamwegemea begani, akafumba macho. Mkono wa kushoto wa Rajabu ukashuka mzito. Wa kulia wa Sikuzani ukaitikia, mwepesi. Mara ya tatu hakuna aliyeweza kutenga upi ni wa nani. Lipiko akatikisa kiuno, vumbi likapanda, vigelegele vikaupasua uwanja. Adija, ingawa mwari hapaswi kuinua macho, aliyainua. Aliwaona wazazi wake bega kwa bega, akacheka huku machozi yanamtoka.

Walipiga mpaka lipiko akachoka na kurudi kichakani. Wengine walikwenda kula, lakini Rajabu hakuiacha ngoma. Vijana wa Makote walipomzunguka, aliwaonyesha mdundo kwa mkono wake mmoja, polepole, na kila mdundo ulipohitaji mkono wa pili, Sikuzani aliumalizia.