Kengele ya Shaba na Kengele ya Chuma

Jumamosi ya mwisho ya Februari 2008, saa nne asubuhi, Ismat Wahba aliisogeza simu nyeusi kwenye mwanga wa mlango wa duka la Haji Mitwalli, mtaa wa Attarin, Iskandaria, akaona kovu la sigara upande wa kushoto wa kitako chake, dogo kama punje ya dengu.

Mnunuzi anayeshtuka huongezewa bei, na Ismat alikuwa amenunua simu za zamani kwa miaka kumi na minane. Alitoa bisibisi mkobani, akafungua kitako. Ndani mlikuwa na kengele mbili: moja ya shaba, moja ya chuma. Zamani zote mbili zilikuwa za shaba. Moja ilipasuka kabla yeye hajazaliwa, na fundi wa kampuni akafunga aliyoipata. Aligusa kinyundo kwa ncha ya kidole. Ting, ikalia shaba. Tok, ikajibu chuma. Ilikuwa sauti ya mtu anayechechemea, na mara ya mwisho kuisikia, ofisini kwa baba yake, alikuwa na miaka saba.

Baba yake, Wahba Efendi, alikuwa karani wa kampuni ya pamba huko Mina al-Basal. Simu hiyo ilikaa mezani pake miaka ishirini na sita. Haikuwa na gurudumu la namba, kwa sababu karani hakuwa na mtu wa kumpigia. Bosi katika chumba cha pili alibonyeza kitufe, karani akapokea. Mikono ilipojaa kalamu na karatasi, Wahba Efendi aliiegesha sigara yake juu ya simu. Ismat tayari alikuwa na simu ya bosi. Aliipata miaka tisa nyuma. Ya karani alikuwa bado anaitafuta.

"Umeona kitu?" aliuliza Fikri Bahgat nyuma yake, mdomo umejaa mkate wa maini.

Fikri alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, naye pia mkusanyaji. Walikuwa na mapatano ya tangu zamani: simu za ukutani ni za Fikri, za mezani ni za Ismat, na hakuna anayetia mkono kwenye sahani ya mwenzake. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na upande wa kuzikana ulikuwa umekwisha kuthibitishwa: mume wa Ismat alipofariki, Fikri ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele. Alikuwa na tabia moja. Kila simu aliyonunua aliiunganisha siku hiyohiyo kwenye laini ya nyumbani kwake, na hiyo ndiyo aliyoitumia mpaka aliponunua nyingine. "Simu isiyolia ni jiwe," alikuwa akisema. Alisema pia, kwa utani, kwamba atakayekamilisha jozi ya Mina al-Basal, ya bosi na ya karani, ndiye atakayekuwa mkusanyaji wa kwanza Iskandaria nzima.

"Ni ile," Ismat alinong'ona.

"Ya Wahba Efendi?"

"Yenyewe."

Fikri aliacha kutafuna. "Basi kaza uso, daktari. Haji akikuona umelegea, utauza na nyumba." Ismat hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa eksirei hospitalini; aliwasahihisha watu wa mtaani kwa miaka miwili, kisha akachoka. "Mimi napanda darini kuangalia za ukutani," Fikri aliendelea. "Nikibaki hapa nitacheka."

Akapanda ngazi ya mbao kwenda kwenye ghala dogo la juu.

Haji Mitwalli alikuwa na desturi yake ya kuuza simu. Bei haikutajwa dukani, ambako majirani walishinda wakinywa chai yake na kuhesabu faida yake. Mnunuzi aliunganishiwa simu anayoitaka hapo mbele kwenye kaunta, Haji akaenda chumba cha nyuma kwenye simu yake, na wakapatana kwa waya. Kwa njia hiyo mnunuzi alijua chombo kinafanya kazi, na hakuna aliyemwona mwenzake usoni. Anayekata kwanza ameshindwa.

Simu ilichechemea kwenye kaunta: ting, tok. Ismat akainua mkono wa simu.

"Alo, daktari. Habari za afya?"

"Za afya nzuri, Haji. Taja."

"Elfu tano."

"Elfu tano na Firauni mwenyewe akiwa ndani?"

"Firauni nimemtoa, alikuwa anaongeza uzito. Elfu nne na nusu."

"Haina gurudumu. Kengele zake si pacha. Imechomwa sigara. Hii simu ni mgonjwa, Haji, na wewe unamwuzia mtu wa hospitali. Elfu mbili."

"Mgonjwa anayeongea vizuri hivi? Haya, mama, tusizunguke kama punda wa sakia ya kuvuta maji. Mwisho wako ngapi?"

Maneno matatu ya mwisho yalifika yamefifia, kana kwamba Haji ameusogeza mkono wa simu mbali na mdomo. Ismat aliutikisa waya. Alijua jambo moja kuhusu simu za zamani: ukiinuliwa mkono wa tatu kwenye waya mmoja, umeme hugawanyika na sauti hupungua. Lakini kwa alivyojua yeye, waya wa Haji ulikuwa na simu mbili tu. Akadhani ni uchakavu.

"Elfu tatu na mia mbili," alisema. "Hicho ndicho kisima changu chote. Chini yake ni mchanga."

Haji alivuta pumzi. "Mwenye mali ni mrithi, yuko Tanta. Nipe mpaka Jumatatu nimuulize."

Wakakata pamoja, kwa heshima.

Fikri alishuka mikono mitupu, goti moja lina vumbi. "Hakuna cha maana huko juu. Amesemaje?"

"Jumatatu."

"Inshallah ni yako hiyo. Twende tunywe chai."

Kwa miaka kumi na minane, kila Ismat alipotoka kwenye waya, Fikri alimwuliza ametaja ngapi. Siku hiyo hakuuliza. Ismat alilikumbuka hilo baadaye.

Jumatatu asubuhi mahali pa simu palikuwa na birika la shaba.

"Imeondoka," alisema Haji, akiliweka sawa birika ambalo lilikuwa sawa. "Mrithi amemkubali aliyetaja zaidi yako."

"Alizidisha kiasi gani?"

"Daktari, ya kwenye waya hubaki kwenye waya."

"Sikuulizi bei. Nakuuliza pengo."

Haji alikuna ndevu. "Mia."

"Mia moja tu?"

"Mia moja, kama nauli ya teksi. Na mimi nilishangaa."

Ismat alitazama dari. "Naomba nipande juu."

"Panda, ila angalia kichwa. Mbao za huko hazijui adabu."

Darini, simu za ukutani zilikuwa zimening'inia kwa safu, zote zimevaa vumbi. Moja, karibu na tundu la sakafu, ilikuwa na vumbi kila mahali isipokuwa kwenye mkono wake. Waya wake ulipita tunduni kwenda chini. Ismat aliinua mkono huo, akaita kwa sauti: "Haji! Sema kitu kwenye ya kwako!"

"Alo, alo," ilisema simu sikioni mwake. "Firauni anasikia?"

"Nani aliiunganisha hii?"

"Rafiki yako! Mwaka juzi. Alisema magoti yamechoka kupanda na kushuka kila akitaka kujaribu simu. Kwani hukujua?"

"Sikujua."

Alipofika chini alikuta Haji amesimama, chai yake haijaguswa.

"Jina la mnunuzi usiniulize, mama," alisema kwa upole. "Ndevu hizi zimekuwa nyeupe kwa kutotaja majina."

"Sijauliza."

Mkono usio na vumbi haukuwa ushahidi kamili. Mtu anaweza kuinua simu, akasikia, asinunue. Ismat alitembea mpaka Kom al-Dikka, akapanda ngazi za jengo la Fikri hadi orofa ya tatu, akasimama mbele ya mlango ambao alikuwa ameuingia kwa miaka yote hiyo bila kubisha zaidi ya mara moja. Alitoa simu yake ya mkononi, akapiga namba ya mezani ya Fikri.

Nyuma ya mlango ikalia. Ting, tok. Ting, tok.

Aliiacha ilie mara ya tatu, awe na hakika. Ting, tok.

"Alo?" Alimsikia Fikri mara mbili: kwanza kupitia mbao, kisha sikioni.

"Ni mimi."

"Daktari! Nimekungoja tangu asubuhi. Haji kasemaje?"

"Imeuzwa."

"Imeuzwa! Mzee yule hana haya. Kamwuzia nani?"

"Hasemi."

"Ni watu wa Kairo hao, wallahi. Wanakuja na gari, wanazoa kila kitu kama nzige. Pole, dada yangu. Pole sana. Tutaipata nyingine."

"Nyingine hakuna, Fikri."

"Najua. Nasema tu, kukutuliza."

"Unaongea kwa simu gani?"

Nyuma ya mlango kiti kililia sakafuni. "Simu gani vipi? Ile ya ukutani, ya mwezi uliopita. Ya kijani."

"Ya kijani."

"Ya kijani, ndiyo. Mbona?"

Ismat alibisha mlango mara moja kwa kifundo cha kidole. Sikioni mwake mlio ukarudi, umepitia simu ya baba yake.

"Subiri kidogo, daktari," alisema Fikri. "Kuna mtu mlangoni."

Aliulaza mkono wa simu mezani bila kukata. Nyayo zilikuja kwenye ukumbi, zikasimama nyuma ya mlango. Kitundu cha kuchungulia kikawa cheusi. Ismat alikitazama, simu ya mkononi bado sikioni. Kitundu kilibaki cheusi kwa muda mrefu, kisha kikapata mwanga. Komeo halikuguswa. Nyayo zilirudi zilikotoka, polepole, na ndani ya nyumba mkono wa simu uliwekwa mahali pake, kinyundo kikagusa shaba mara moja: ting.