Bwana Machozi kwenye Kitanda Namba Sita

Mjomba wangu aliendesha malori kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alibaki na vitu viwili vya kumshughulisha: ngiri, na chuki kwa mwimbaji mmoja ambaye alikuwa hajawahi hata kupeana naye mkono.

Mwimbaji huyo alijulikana mpaka kwa watoto wa chekechea. Nyimbo zake zilikuwa za mapenzi, lakini kwa miaka miwili hivi alikuwa ameingia kwenye mambo ya huruma. Ukiwasha televisheni unamkuta ameshika mkono wa mgonjwa, machozi yanamtiririka, anasema, "Kitanda kimoja, mgonjwa mmoja." Ndiyo ilikuwa kampeni yake. Watu wakampachika jina la Bwana Machozi, na nina wasiwasi kwamba aliyeanza ni mjomba.

"Auze ile saa ya mkononi," alikuwa akisema kwa kinyozi, kwa fundi viatu, na kwenye kundi la simu la familia, ambako aliandika kwa herufi kubwa tupu kama mtu anayepiga honi. "Auze saa tu, wagonjwa wote walale kifalme! Lakini wapi! Saa abaki nayo yeye, kuchanga tuchange sisi!"

Hakuwa peke yake. Watu walikuwa wamemchoka yule bwana. Akigawa mablanketi mepesi, wanasema anatudharau. Akigawa mazito, wanauliza anaficha nini. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanaume, wodi yenye vitanda kumi na viwili na wagonjwa wasiopungua ishirini, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kumchukia mtu. Miguu yenyewe ilikuwa inaniuma.

Ngiri ya mjomba ilipozidi, ililetwa wodini kwangu pamoja na mwenyewe. Akafanyiwa upasuaji Jumatatu, akawekwa kitanda namba sita, ubavuni mwa fundi mwashi aliyekuwa amevunjika mkono. Walilala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Fundi mwashi aliruhusiwa Jumatano asubuhi, akaondoka anakimbia. Alisema mkono haumuumi tena, kinachomuuma ni masikio.

Wakati huohuo, vitanda kumi vipya vilikuwa vimekaa mwisho wa korido yetu. Bwana Machozi alivileta wiki mbili nyuma. Vilikuwa kwenye chumba kipya, magodoro bado yamevishwa nailoni, na mlangoni umefungwa utepe mwekundu, vikimsubiri mgeni rasmi aje kuvizindua Ijumaa. Metroni wetu alimfuata katibu wa hospitali mara tatu kuomba vitumike.

"Metroni, nielewe," katibu alimjibu. "Kitanda ambacho hakijazinduliwa, kiserikali bado si kitanda."

"Ni nini basi?"

"Ni mzigo."

Jumatano hiyohiyo, saa nne, Bwana Machozi akaja na watu wake kupiga picha za video kabla ya uzinduzi. Walikuwa kama tisa: wa kamera, wa taa, wa poda, na meneja aliyevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba. Mwimbaji mwenyewe alionekana mdogo kuliko kwenye televisheni. Alikuwa anatokwa jasho, na mdomo umekauka. Niliona, lakini nikadhani ni taa.

Wakampeleka moja kwa moja kwenye kitanda namba sita, kwa sababu kilikuwa karibu na dirisha.

"Shikamoo, mzee," akasema, akimshika mjomba mkono.

Mjomba akageukia ukuta. Kumnyima mtu marahaba mbele ya kamera mbili si jambo dogo, meneja alikohoa. Mwimbaji akajaribu kuanza maneno yake ya kila siku, "Kitanda kimoja..." Machozi yakamlenga. Akajikunja, akashika ubavu wa kulia, akapiga magoti sakafuni.

"Mtazameni!" mjomba akapiga kelele, tena akapiga makofi. "Leo kaanza na magoti kabisa! Mpeni zawadi yake aondoke!"

Daktari wetu wa upasuaji, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alikuwa anapita na mafaili. Akainama, akambonyeza tumbo, akaachia ghafla. Bwana Machozi akatoa sauti ambayo haimo kwenye wimbo wake wowote.

"Kidole tumbo," daktari akasema. "Kinakaribia kupasuka. Leteni machela."

Meneja akasema hapana, wana hospitali yao, upande wa pili wa jiji. Daktari akamwuliza kama hospitali hiyo inakuja kwa miguu. Chumba chetu cha upasuaji kilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Dakika ishirini baadaye nyota wa nchi nzima alikuwa amelala usingizi wa dawa, na mtu wa poda amekaa koridoni analia kwikwi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari akatoa amri moja: asihamishwe kwa siku mbili, na watu wake wote wabaki nje ya geti. Sasa alazwe wapi? Meneja, kabla ya kutolewa, akataja vile vitanda vipya. Katibu wa hospitali akasimama mbele ya utepe, mikono ameitandaza kama kipa.

"Mgeni rasmi ameshathibitisha!" akasema. "Nikimwambia utepe umekatwa, nitaonekana mimi ni mtu wa namna gani?"

Nafasi iliyobaki wodi nzima ilikuwa nusu ya kitanda namba sita.

Bwana Machozi alipozinduka jioni, kitu cha kwanza alichokiona ni nyayo za mjomba wangu. Mimi nazifahamu tangu utotoni. Si nyayo za kumwamkia mgonjwa. Akafumba macho tena, nadhani akidhani bado dawa inamfanyia kazi.

Siku ile hawakusemeshana. Asubuhi nilipokuja kubadili dripu, vita ilikuwa imeshaanza.

"Mwanangu," mjomba akaniambia, "mwambie huyu mwenzangu asogeze goti."

"Mjomba, yupo hapo, mwambie mwenyewe."

"Mimi siongei na matajiri."

"Shikamoo, mzee," akasema mwimbaji kwa sauti iliyokwaruza. "Goti nimesogeza. Likienda zaidi naanguka."

Mjomba akaiuliza dari, "Nyumba yake ina vyumba vingapi?"

"Kumi na vinne."

"Kumi na vinne! Na anakuja kunibana hapa!"

"Mzee, sikuja kwa kupenda."

"Na ile saa? Mbona hujaiuza?"

"Si yangu. Ya duka. Wananivalisha nikipigwa picha, halafu kijana wao anakuja kuichukua. Hata jana, wakati napelekwa kupasuliwa, alinivua kwanza ndio machela ikaondoka."

Miaka miwili hoja yote ya mjomba ilikuwa imesimama juu ya saa ile.

"Na hayo machozi?" akauliza. "Ya duka pia?"

Mwimbaji akacheka kidogo, akashika kidonda. "Mara ya kwanza yalikuja yenyewe, mzee. Nilimwona mtu na mkwe wake wamelazwa kitanda kimoja, wanaoneana haya hata kujikuna. Nikalia. Video ikapendwa sana. Mara ya pili machozi yakagoma, meneja akanipa kitunguu."

"Kitunguu!"

"Sasa hivi nikiona kachumbari tu nalia."

Mjomba akaanza kutikisika. Kitanda nacho kikatikisika. "Usinichekeshe, we mtoto! Nyuzi zitakatika!"

"Na zangu!"

Wakawa wanacheka na kugugumia, kila mmoja ameshika tumbo lake, mpaka mgonjwa wa kitanda namba saba akaniita akidhani wote wawili wanakata roho.

Walipotulia, mjomba akasema, "Najua sasa utaniambia mama yako alilala sakafuni kwenye wodi, ndiyo maana ukaanza haya mambo."

"Mama yangu hajawahi kulazwa. Yule ana afya kuliko mimi. Mzee, ukitaka ukweli, meneja aliniandikia mambo matatu kwenye karatasi: miti, vitanda, na nyangumi. Akasema msanii wa kiwango changu hawezi kukaa bila jambo la kutetea. Nikachagua vitanda."

"Kwa nini si nyangumi?"

"Naogopa maji."

Tusi lolote mjomba angeweza kulirudisha. Lakini ukweli mtupu kama ule, kutoka kwa mtu uliyeegemeza kisigino chako begani kwake, ulimshinda. Akanyoosha mkono akamwekea shuka vizuri. "Marahaba," akanong'ona, ikiwa imechelewa siku nzima.

Alhamisi hiyo saa saba mchana ikaletwa ajali. Mzee aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi, nyonga imevunjika, anauma kola ya shati asipige kelele. Metroni akazunguka wodi na macho. Vitanda vyote vilikuwa na wawili wawili. Chini kulikuwa na magodoro matatu, yote yana watu.

"Tumweke namba sita," akasema mwenzangu. "Wale wanaonekana wanaelewana."

Bwana Machozi akamtazama yule mzee, akanitazama mimi. "Dada, una mkasi?"

Nilikuwa na mkasi wa kukatia bandeji mfukoni. Akashuka kitandani, polepole, kama mtu anayeshuka kwenye paa. Stendi yetu ya dripu haikuwa na magurudumu, kwa hiyo mjomba akashuka naye, akaichomoa chupa, akainyanyua juu kama taa. Wakatoka koridoni, mmoja anajikokota mbele, mwingine nyuma amebeba chupa, wote wamejikunja. Yale magauni yetu ya wagonjwa hufungwa kwa kamba nyuma, na za mwimbaji zilikuwa zimekatika. Mjomba alijaribu kumfunika kwa mkono uliobaki, lakini ulikuwa mkono mmoja tu.

Katibu wa hospitali akatokea anakimbia. "Ndugu zangu! Mgeni rasmi!"

"Nani mgeni kuliko sisi?" mjomba akamuuliza. "Tuna hata mavazi rasmi."

Utepe ulikuwa mzito na mkasi wangu butu. Ilibidi mwimbaji akate mara tano. Hapakuwa na muziki wala hotuba. Metroni alipita kati yao na machela ya yule mzee, akachana nailoni ya godoro la kwanza kwa kucha. Kufika saa nane na nusu vitanda vyote kumi vilikuwa na watu.

Katibu hakukata tamaa. Ijumaa alifunga utepe mwingine, mgeni rasmi akaukata, na wagonjwa walioweza kusimama wakaombwa wasimame nje kwa dakika kumi. Yule mzee wa nyonga hakuweza, kwa hiyo alipigwa picha akipongezwa kwa kuwa wa kwanza kulala.

Huko nje sasa. Mgonjwa mmoja alikuwa amewapiga picha mjomba na mwimbaji Alhamisi ile wakitembea koridoni, kwa nyuma. Picha ikazunguka nchi nzima kabla ya jua kuzama. Ungedhani watu wangemhurumia. Thubutu! Walisema kidole tumbo ni kiki tu ya kutafuta jina. Walisema kidonda kimechorwa na mtu wa poda. Wengine walisema kamba za gauni zilikatwa makusudi ili albamu iuzwe.

Mjomba aliporuhusiwa, alikwenda kwa kinyozi kabla hata ya kufika nyumbani. "Jamani, nimekiona kidonda kwa macho yangu," akawaambia. "Nimelala naye kitanda kimoja!"

Fundi viatu akauliza, "Amekupa ngapi?"

Ilimuuma. Alijaribu kwenye kundi la familia. Mama yangu, dada yake wa damu, akamjibu kwamba huzuni ya kustaafu inamfanya mtu anunulike kwa bei ya chini. Siku ile alinipigia simu akiniomba nithibitishe. Nilimwambia siri za wagonjwa hazitoki wodini. Akanikatia simu.

Mwezi uliofuata Bwana Machozi akampigia. Alikuwa anataka ushauri: awajibu vipi watu wanaomtukana?

"Usiwajibu," mjomba akasema. "Wodi ya wanawake haina magodoro ya maana. Peleka, halafu unyamaze. Usimwambie yeyote, hasa meneja wako."

"Na wewe pia usiseme, mzee."

"Mimi? Nitasema kwa nani?"

Magodoro arobaini yalikuja Jumatatu moja kwenye lori lisilo na maandishi. Aliyesaini ni Metroni, aliyeyapanga ni sisi, na mjomba alisimama getini kumwelekeza dereva arudi nyuma, akimkosoa kila hatua.

Jumamosi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, uso umejaa povu. Fundi viatu akasoma gazeti, akalitupa. "Mmeona yule Bwana Machozi alivyopotea? Hakuna kampeni, hakuna nini. Kamera zilipoondoka na huruma ikaondoka. Si nilisema?"

Mjomba alishika mikono ya kiti. Alifumbua mdomo, akaufumba. Shingo ilimvimba, mshipa wa kichwani ukasimama, macho yakaanza kumtoka maji.

Kinyozi akasimamisha wembe. "Samahani, mzee," akasema. "Nimekukata?"