Farasi Asiyeliwa

Agnetha alianza sataranji akiwa na miaka hamsini na mbili, na tabu yake yote ilitoka kwenye drafti. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha drafti, kwa vizibo vya soda, enzi wangali wanalima kijijini Didia. Na drafti haina huruma: ukiona cha kula usipokula, mwenzako anakiondoa kizibo chako ubaoni. Mkono wake ulizoea hivyo miaka thelathini.

Kumbe kwenye sataranji hakuna anayekulazimisha kula. Mwalimu Donatus, aliyefundisha mchezo huo kila Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia pale Katoro, alimwambia hivyo siku ya kwanza, akamwambia tena siku ya kumi. Agnetha anaitikia, anaelewa kabisa, halafu mtu anamtegea askari mmoja, malkia wake anatoka mbio kwenda kumla, na mchezo umeisha. Vijana wakamwita Mama Njaa. Hakukasirika, maana ilikuwa kweli.

Akanunua daftari. Kila mchezo aliofungwa akauandika, na asubuhi akitoka misa ya kwanza, kabla hajaenda kwenye genge lake la nyanya, anaupanga upya na kutafuta pale mkono ulipomponza. Alipofika katikati ya daftari aliona jambo lililomfurahisha: hakuwa na makosa mengi. Alikuwa na kosa moja tu, kalirudia mara arobaini. Ugonjwa mmoja unatibika.

Dawa aliitafuta mwenyewe. Alishika rozari mkono wa kulia, na kila mwenzake akishacheza, anasali Salamu Maria moja nzima kimoyomoyo ndipo aguse kete. Mkono ulioshika rozari haunyakui. Kwaresima ilipoisha alikuwa anafunga watu waliomfunga mwaka mzima, na lile jina la Mama Njaa likafa lenyewe.

Ndipo ikaja habari ya mashindano Shinyanga. Parokia ipeleke wachezaji wanne. Watatu walikwisha kujulikana. Nafasi ya nne waigombee Agnetha na Bartholomeo, bwana mmoja mwenye karasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Agnetha aliitaka nafasi ile. Tangu azikwe mumewe hakuwa ametaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, na kutaka huko kulimtisha kidogo, akamweleza Mungu waziwazi bila kuzungusha maneno.

Siku yenyewe walicheza kimya mpaka Bartholomeo alipoona shanga zinatembea vidoleni.

“Mwalimu,” akasema, “huyu mayo, mama yetu huyu, anacheza au anasali? Mimi nimekuja kushindana na mtu mmoja, sio wawili.”

Watu wakacheka. Donatus akasema hakuna sheria inayokataza rozari. Lakini Agnetha hakutaka ushindi wake uje kusemwa vibaya sokoni, akaiweka kwenye mkoba, akafunga zipu.

Hazikupita hatua tatu, Bartholomeo akamleta farasi wake mbele ya malkia wa Agnetha, peke yake, bila mlinzi. Akaegemea kiti, akatazama dirishani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Mkono wa Agnetha ukanyanyuka. Ukafika juu ya malkia, na pale mezani sheria ni kwamba ukigusa kete lazima uichezeshe. Ukabaki hewani. Ukumbi mzima ulikuwa unautazama mkono ule, na yeye mwenyewe akautazama kama wa mtu mwingine. Kisha akaurudisha mapajani.

Akaanza kuangalia polepole. Malkia akitoka, mstari wa nyuma haulindwi. Ngome ya Bartholomeo inashuka moja kwa moja, na mfalme wa Agnetha, aliyezibwa na askari wake mwenyewe, hana pa kukimbilia. Akamsogeza askari wa pembeni hatua moja tu, mfalme apate mlango. Farasi akamwacha amesimama palepale.

Bartholomeo aliacha kutazama dirishani. Mtego umekufa, na sasa farasi ndiye aliyekuwa hatarini. Akamrudisha nyuma. Lakini malkia wa Agnetha alikwisha kuwa huru, akaingia upande wa pili na kuanza kula, safari hii kwa mahesabu. Haukupita muda mrefu, Bartholomeo akamlaza mfalme wake.

“Kwenye drafti ungemla yule farasi,” akasema.

“Ningemla,” Agnetha akakubali.

Bartholomeo akasimama, akampa mkono kwa mikono miwili, kama wanavyopewa wakubwa.

Agnetha alipotoka nje alimpigia simu bintiye Nelly, aliyeolewa Samuye, karibu na Shinyanga, kumwambia aandae kitanda, anakuja wiki ijayo.

Nelly akauliza kwa sauti ndogo, “Mama, nani kafa?”

“Hajafa mtu,” Agnetha akasema. “Nakuja kucheza.”