Mtoto Aliyeshuka Ukutani

Jeptoo alikuwa akipiga pasi abaya za madam, nyumbani kwa waajiri wake kule Al Wukair, mtoto aliposhuka kutoka kwenye picha ya ukutani na kuomba wali. Hakusema Kiswahili wala Kiarabu, lakini njaa ya mtoto haihitaji mkalimani. Jeptoo akazima pasi, akampakulia.

Picha ile bosi aliileta kutoka Japani. Ilichongwa kwanza kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, kisha ikapigwa chapa karatasini: mtoto mnene mwenye kitambaa chekundu kifuani, amekumbatia samaki mkubwa, na kobe miguuni pake. Samaki ni nguvu, madam alikuwa amemweleza, kobe ni umri mrefu, na mtoto ni heri ya nyumba. Sasa samaki na kobe walikuwa peke yao, na kati yao pamebaki peupe.

Madam aliporudi alimkuta mtoto amelala mgongoni mwa Jeptoo, amefungwa leso.

“Amekula?”

“Amekula, madam.”

“Usimwogeshe kwa maji ya moto. Wino utatoka.”

Basi Jeptoo akawa na watoto watatu wa kulea badala ya wawili wa madam. Huyu alikuwa mwepesi kama gazeti na hakuwa msumbufu, ila alikataa kulala popote isipokuwa mgongoni pake. Jasho likimtoka Jeptoo, gauni lake lilishika wekundu. Na heri ilikuja kweli: bosi alipandishwa cheo, mtende uliokauka uani ukazaa, na madam akashika mimba.

Mkataba wa Jeptoo ulikuwa umekwisha kabla ya Ramadhani. Kwao Kapsabet alimwacha mwanawe, Tevin, ambaye siku hizi kwenye simu alimwita anti. Jioni moja alimfuata bosi sebuleni, mtoto mgongoni, akaomba pasipoti yake na khuruj, ile karatasi ya ruhusa ambayo bila sahihi ya bosi hutoki nchini.

Bosi alimtazama mtoto kwa upole.

“Na huyu atalala wapi?”

“Ana pahali pake, bosi. Arudi ukutani.”

“Tumejaribu. Hataki.”

“Na mimi nina mtoto.”

“Inshallah,” bosi akasema. “Huyu akikua, utakwenda.”

Jeptoo akatoka uani, alikokuwa Onyango, dereva wa nyumba ile, akiosha gari.

“Onyango, watoto wa picha hukua?”

Onyango alikamua kitambaa, akafikiri.

“Yule wa kwenye mkebe wa maziwa pale dukani,” akasema, “tangu nije hapa ni yule yule.”

Ijumaa alimpigia Tevin. Kijana akasikia kicheko cha mtoto.

“Huyo ni mtoto wako?”

“Hapana.”

“Sasa mbona anakaa na wewe?”

Jeptoo alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza leso, akamuuliza Tevin kama huko mvua imeanza.